Kwanza Toa la Zamani

Mimi ufundi nimejifunza kwa kuunguza. Redio ya kwanza niliyoitengeneza ikapona ilikuwa ya nne; zile tatu za kabla yake zilikata roho mikononi mwangu, na wenyewe walinitazama kwa macho ambayo nikiyakumbuka mpaka leo, bisibisi naishika vizuri. Kwa hiyo mtu akiniambia "bonyeza tu, haiharibiki", najua anazungumzia kitu asichowahi kukigusa.

Sasa nina meza yangu mbele ya duka la viatu, natengeneza simu na redio, na watu wananiita Fundi bila kucheka. Nyumbani sina cheo hicho. Nyumbani naitwa Mke Mwenza.

Jina hilo alinipa Bibi. Si bibi yangu. Ni wa mume wangu, mama wa mama yake, na nyumba tunayokaa ni yake. Siku nilipoingia na sanduku langu, alinipapasa uso kwa vidole viwili kama anayekagua embe sokoni, akasema, "Haya, mke mwenzangu umefika. Mume wetu anakoroma. Walikwambia, au wamekuficha?"

Nikamwambia walinificha.

"Basi tumedanganywa wote wawili," akasema. "Sogea hapa ukae. Ila ujue, mimi nilikuwemo humu kabla yako. Ukinitoa mimi, paa linakuja nami."

Macho ya Bibi yaliondoka kidogo kidogo, kama wageni wasiopenda kuaga. Kwanza sindano, halafu maandishi, halafu nyuso, mwisho taa. Haoni tena, lakini masikio yake yanaweza kukwambia ni kikombe kipi umeweka kabatini na kama umekiosha au umekisuuza tu.

Chini ya kitanda chake lilikuwapo bati la biskuti, na ndani ya bati barua arobaini na moja. Babu ndiye aliyeziandika, enzi hizo akiwa karani mpiga chapa katika ofisi iliyotazamana na zahanati aliyofanyia kazi Bibi. Babu hayupo siku nyingi. Bibi alikuwa akizisoma barua zake kila alipojisikia, mpaka macho yalipogoma. Baada ya hapo miaka saba hakuzisoma, na hakukubali mtu yeyote amsomee.

"Nikusomee mimi, Bibi," niliwahi kumwambia. "Sitacheka."

"Wewe usome barua za mume wangu mimi? Si utanipokonya na yeye? Huyu mmoja tunayemgawana hakutoshi?"

Mume wangu naye alijitolea. Akaambiwa akaoge.

Ukweli aliniambia siku moja nikimkata kucha. "Mdomo wa mtu una masikio," alisema. "Akishasoma anabaki nayo. Kesho ukinipa uji, nitajua uji huu umeletwa na mtu aliyesikia. Mimi nataka kisome kitu kisicho na uso."

Kitu kisicho na uso tulikuwa nacho. Ilikuwa kompyuta ya mezani iliyochoka, nimeifufua mwenyewe na kuipa Linux kwa kuwa mifumo mizito ilikuwa ikiihemesha. Na tulikuwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayeandika programu katika mji mwingine. Nilipomweleza shida ya Bibi, alikaa wiki mbili akatengeneza programu ya kutazama picha ya ukurasa, kutambua herufi, na kuzitamka kwa sauti.

Bibi alifikiri siku tatu. Kisha akalivuta bati lile, akanipa. Masharti yalikuwa mawili: nipige picha bila kusoma, na nikishazihamishia kwenye kompyuta, nizifute kwenye simu yangu mbele yake, yaani mbele ya masikio yake, asikie kila mlio wa kufuta. Nikatii. Nilipiga picha nimebana macho, sikuona ila vistari vya chapa na alama ndogondogo za wino wa bluu hapa na pale. Na ilibidi nifanye upesi. Mchwa walikuwa wamelitangulia bati. Karatasi nyingine zilipasuka nikizigeuza, nyingine zikabaki unga. Tulipomaliza, bati lilikuwa na vumbi, simu yangu ilikuwa safi, na barua za Babu hazikuwapo mahali pengine popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta ile.

Programu ya shemeji nikaipakua, nikaifungua, ikanikatalia. Iliandika kwamba lugha iliyomo kwenye mashine ni ya zamani mno.

"Lugha gani?" Bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Ya kuandikia programu, Bibi. Inaitwa Python. Yaani chatu."

Bibi akapandisha miguu kitandani. "Na amelala wapi huyo?"

"Ni jina tu. Mashine ilikuja na toleo lake, tatu nukta nane. Shemeji anataka tatu nukta kumi na moja."

Hapo Bibi akashusha miguu. Alifanya kazi dirishani pa dawa miaka ishirini na tisa, na hesabu za vipimo hazijamtoka. "Tatu nukta nane ni kubwa kuliko tatu nukta moja moja," akasema. "Mnanipunguzia dozi."

Nikamweleza kwamba kwa hawa nukta si ya desimali. Baada ya nane walihesabu tisa, kumi, kumi na moja. Akasema watu wasiojua nukta wasiaminiwe na barua za mtu. Laiti ningemsikiliza.

Asubuhi ya Jumamosi, mume wangu akiwa ameshaondoka na boza lake la maji, ujumbe wa shemeji ukaingia: "Shem, fungua lile dirisha jeusi la amri. Kwanza toa toleo la zamani. Kisha weka jipya pembeni yake. Nipo kikaoni, nitakupigia mchana."

Nilisoma kama msomaji mwenye haraka: nikayaona maneno niliyoyataka. Kwanza toa la zamani, kisha weka jipya. Kwani kuna fundi asiyejua hilo? Betri ya zamani inatoka, mpya inaingia. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri ya kuliondoa toleo la zamani, nikabonyeza.

Mashine ikaniletea orodha. Ikasema, ukiliondoa hili, na hawa nao wataondoka, na majina yakaanza kushuka kwenye kioo kama watu wanaotoka uwanjani mpira umekwisha. Sikuyahesabu. Nilifikiri: wapambe hao, bosi akifukuzwa, nao wanafungasha. Chini kabisa ikauliza, nina hakika? Mimi niliyeunguza redio tatu, mimi niliyeapa sitabonyeza nisichokisoma, nikajibu ndiyo.

Ikafuta kwa dakika nne nzima. Nikaizima na kuiwasha ili itulie, nikisubiri ile picha ya machungwa niliyoiweka kwenye kioo chake. Machungwa hayakuja. Hakukuwa na kishale cha panya, hakukuwa na saa pembeni. Kilikuja kioo cheusi na mstari mmoja mweupe ukiniuliza jina langu, kama askari wa getini asiyekufahamu wakati jana mlisalimiana.

Nikakaa kimya, nikifikiri kwamba nikikaa kimya vya kutosha, jambo lenyewe huenda likakosa shahidi.

"Mbona mashine imenyamaza?" Bibi akauliza. "Feni yake ilikuwa inakoroma kama mume wetu. Sasa inapumua kama mgonjwa."

"Bibi," nikasema, "nimeharibu."

Hakuuliza nimeharibu nini. Aliuliza, "Barua zangu?"

"Sijui."

Aliukunja upindo wa nguo yake, akaukunjua, akaukunja tena. Ningependa angenitukana. Nimezoea kutukanwa na wateja, ni hali ya hewa tu. Lakini yule mwanamke alikaa na upindo wake, na mimi nikaliona lile bati tupu juu ya kabati, na nikajua kwamba kama picha zimefutika, nimemzika Babu mara ya pili, na safari hii bila kumwacha mkewe aage.

"Njoo hapa," akasema. Nikaenda. "Nisomee alichokuandikia mume wetu mdogo. Neno kwa neno. Usipambe."

Nikamsomea.

"Rudia pale mwanzo."

"Kwanza toa toleo la zamani."

"Na wewe ukatoa."

"Nikatoa."

"Ukalipeleka wapi?"

"Sikulipeleka, Bibi. Nililifuta."

Akatikisa kichwa polepole, na pembe ya mdomo wake ikaanza kunitia matumaini. "Mke mwenzangu," akasema, "mimi nilikuwa mtoa dawa miaka ishirini na tisa. Unadhani nilikuwa nazimwaga?"

Nikasema hapana.

"Mgonjwa akija dirishani, natoa dawa. Mwalimu akisema toa jina lako, mtoto anaacha kuitwa? Shahidi akitoa ushahidi, kesi inakosa ushahidi? Kijana kakwambia ulitoe, ulionyeshe, useme lipo namba ngapi. Wewe umelitoa kama takataka. Na pembeni yake hukuiona? Utawekaje kitu pembeni ya kitu usichonacho?"

Nikachukua simu, nikausoma ujumbe tena. Neno "pembeni" lilikuwa limekaa pale pale, halijaenda popote, linanitazama.

Bibi akanipa kitochi chake, ile simu yake ndogo ya vitufe. "Mpigie. Mwambie atoke kikaoni. Mwambie akatoke, si akajifute."

Shemeji alitoka kikaoni. Nikaweka sauti ya nje. Nilipomweleza alivuta pumzi ndefu, halafu nikasikia anacheka akiwa ameziba mdomo.

"Shem, kosa ni langu nusu. Nilitaka uniambie ni lipi lililomo. Lile la zamani ndilo mfumo wenyewe unalotumia kujiendesha. Madirisha, sauti, mipangilio, vyote vimeliegemea. Ulipolitoa limeondoka na ukoo mzima."

"Na wifi je? Bado ipo?" akaendelea.

"Wifi imeondoka," nikasema.

"Wifi yako yupi?" Bibi akadakia. "Yule wa kununa? Aende salama."

Shemeji akashindwa kuziba mdomo. Kule alikokuwa mtu akamuuliza kama yuko salama, akajibu ni mambo ya familia.

Akaniambia nianze kwa kuandika jina langu pale mlangoni, kisha neno la siri. Nikaandika, askari akanifungulia. Akanitajia amri fupi ya herufi mbili na jina la kabati la picha. Kabla sijabonyeza nilimwangalia Bibi. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya magoti, vidole vimekunjuliwa tayari.

Nikabonyeza.

"Barua moja," nikasoma. Bibi akakunja kidole. "Barua mbili. Barua tatu."

Hakunikatiza. Nilizisoma zote, na kila kumi zilipotimia aliikunjua mikono akaanza upya, akitaja kumi hilo kwa sauti ya chini. Nilipofika "barua arobaini", nikakitazama kioo mara mbili, akasubiri.

"Barua arobaini na moja."

"Zimetimia," akasema. Kisha, baada ya muda, "Pangusa pua. Hutaki kuiharibu mashine kwa maji."

Waliofutika walikuwa ukoo wa toleo la zamani tu, picha hazikuguswa. Ilibaki kuwarudisha. Simu yangu kubwa nikaichomeka kwa waya iwe njia ya mtandao, shemeji akanitajia amri ya kuiamsha, nami nikawa naandika herufi baada ya herufi na kumsomea kabla ya kubonyeza. Safari hii nilisoma kila kitu. Mashine ilipouliza nina hakika, nilimsomea shemeji swali zima, na Bibi akasema, "Muulize naye kama ana hakika." Toleo la zamani likarudi, tatu nukta nane. Nyuma yake wakarudi madirisha, saa, na wengine ambao sikuwahi kujua wamo. Ilichukua saa mbili. Katikati yake mume wangu aliingia kula, akakuta mkewe na bibi yake wamekaa bega kwa bega mbele ya kioo cheusi.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Kulikuwa," Bibi akasema. "Umeahirishwa. Chakula kiko jikoni, jipakulie."

Machungwa yaliporudi kwenye kioo nilitamani kuyamenya. Ndipo shemeji akaniongoza kuweka lile jipya. Halikuchukua nafasi ya mtu. Lilijengewa chumba chake, kabati dogo lenye mlango wake, na programu ya kusoma ikaambiwa, wewe ukitaka lugha, bisha hodi hapa. Mashine nzima inaendelea kumtii mkubwa.

"Kumbe ndivyo," Bibi akasema nilipomweleza. "Kila mke na chumba chake. Mkubwa ana funguo, mdogo ana kazi. Si nilikwambia siku ya kwanza?"

"Ulisema paa litakuja nawe."

"Leo umeliona lilivyokuja."

Kulikuwa na jambo moja la kumalizia. Shemeji alitaka tujaribu mstari mmoja ili ajue kama sauti inatoka. Bibi akafikiri. "Mmoja," akasema. "Ule wa juu kabisa. Na wewe kijana, ziba masikio huko uliko."

Nikafungua barua ya kwanza. Kompyuta ikakaa kidogo, kama mtu anayetafuta miwani, kisha sauti ya kike isiyo na haraka ikasema, "M. Enzi wangu. Leo nime. Ita dirishani kwako mara tatu."

Nikasimamisha. "Imekosea," nikamwambia shemeji. "Inasoma vipande vipande. Enzi gani? Nani kamwita nani?"

"Herufi zitakuwa zimefifia, Shem. Tutairekebisha, nipe siku mbili."

"Msiguse," Bibi akasema.

Aliisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mashine ya chapa ya ofisi yake haikuwa na herufi pe," akasema. "Kijiti chake kilivunjika kabla yeye hajaajiriwa. Alikuwa akiruka nafasi, akimaliza ukurasa anachukua kalamu na kuzitia pe zote kwa mkono. Moja moja. Za bluu. Mimi nilikuwa nikiipata barua, kabla sijasoma neno, nazitazama zile pe. Nilikuwa najua siku aliyokuwa na haraka na siku aliyokuwa na raha."

Nikakumbuka zile alama ndogo nilizoziona nikiwa nimebana macho. Wino ulikuwa umefifia, na programu ilikuwa imezihesabu kuwa madoa.

"Mwambie asirekebishe," Bibi akarudia. "Kikosekanacho nakijua."

Shemeji alisema sawa, Bibi, kwa adabu ya mtoto aliyekutwa kabatini, akakata simu.

Nikamwekea Bibi kidole chake juu ya kitufe cha kuanza na kile cha kusimamisha, nikabandika kipande cha utepe wa gundi kwenye kila kimoja ili avitambue. Nikashusha sauti ya mashine mpaka alipoinua mkono. Nikalitoa bati tupu juu ya kabati nikaliweka mapajani mwake, kwa kuwa lilionekana kuwa na haki ya kuwapo.

"Haya," akasema. "Sasa toka."

"Nitoke, au nijifute?"

"Toka, mke mwenzangu, kabla sijabadili neno."

Nikatoka, nikaufunga mlango. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nje na sahani yake, akaniuliza kwa nyusi imekuwaje. Nikakaa kando yake. Nyuma yetu, kupitia ule mlango, sauti ya kompyuta ilikuwa mnong'ono tu, hakuna neno lililoshikika. Kilichosikika kilikuwa cha Bibi. Mnong'ono ulikwenda, ukafika mahali ukakwama, na yeye akautilia, kwa upole, kama anayepachika kifungo kwenye shati lililovaliwa:

"Pe."

Ukaenda tena.

"Pe." Kimya kidogo. "Pe." Halafu kicheko, kidogo, cha msichana, ambacho mume wangu alikigeukia na tonge mkononi.

"Anaongea na nani?"

"Anamjazia babu yako nafasi," nikamwambia. "Kula."

Nilihesabu pe kumi na saba kabla sijakumbuka kwamba sikutakiwa kusikiliza. Nikanyanyuka, nikaenda kuwasha redio.